Beringi Kavu

Huanza saa tano usiku, nikifungua hesabu za mwenye duka la maua.
Kwanza inakohoa, kama mtu anayetafuta nafasi ya kusema mkutanoni,
kisha inavuma, kisha inakwaruza,
krrr, krrr, krrr,
mbawakawa ndani ya kopo la rangi.

Nimejaribu yote.
Nimeiinua juu ya trei tupu ya mayai ili ipumue.
Nimeipuliza kwa mrija hadi nikaona nyota.
Nimeiweka dirishani, Februari hii, Łódź yote imeganda,
nikapiga kodi za watu nimevaa glavu zilizokatwa vidole,
nayo ikavuma vilevile, kama iko jangwani.
Fundi wa karibu na stesheni alitaja zloti mia tatu
bila kuinua macho.
Nikasema nitarudi.
Tulijua, wote wawili.

Bibi yangu Bogumiła hasikii.
Hasikii tramu, hasikii kengele ya mlango,
wala mimi ninapoitukana laptopu
kwa maneno aliyonichapia nilipokuwa na miaka saba.
Miaka ishirini na sita alisimama kiwandani
katikati ya mitambo ya kufumia, ukumbi mmoja mitambo mia,
kila mmoja ukipiga makofi ya chuma,
na masikio yake yakaondoka taratibu,
kama wageni wenye adabu, mmoja mmoja, wasitake kuamsha nyumba.
Sikio la kufa halisikii dawa, ndivyo isemwavyo.
Lake lilikufa kweli.
Ila liliacha wosia,
na mkono ukarithi.

Jana alikuwa mezani na chai yake.
Nikamwona ameduwaa, anaitazama bilauri:
juu ya chai palikuwa na viduara, vyembamba, vya haraka,
vinakimbilia katikati na kupotea,
vinakimbilia na kupotea.
Akaisogeza bilauri.
Akaweka kiganja chote juu ya kibodi,
akafuta mauzo ya Desemba, mawaridi na mashada ya makaburini,
nami nikapiga yowe ambalo halikumfikia.
Macho kafumba.
"Beringi," akasema,
kwa ile sauti yake kubwa isiyojua ukubwa wake.
"Imekauka. Tena inalalia kushoto."

Bisibisi ndogo hatuna. Tulitumia ncha ya kisu cha kumenyea viazi.
Skrubu kumi, nikazipanga katika kisahani,
mgongo ukaachia kwa mlio wa ganda la njugu,
na pale kwenye matundu ya hewa
tukakuta blanketi. Blanketi hasa, la kijivu, limeshikamana.
Nilitaka kulitupa. Akanizuia.
Alilisugua kati ya kidole gumba na cha shahada,
akalivuta, akalipeleka kwenye taa.
"Pamba," akasema. "Sufu kidogo sana.
Iliyobaki nailoni. Ile sweta yako, walikuibia."

Kisha chupa ya mafuta ya cherehani, ya tangu enzi za kiwanda,
na pini aliyoichomoa kwenye nywele zake.
Tone moja kwenye mhimili.
Nikaonyesha kwa vidole: mawili?
"La pili ni la mjinga."
Akaizungusha feni kwa ukucha,
mbele, nyuma, mbele,
huku midomo yake ikihesabu kitu nisichokijua.

Tukafunga. Nikawasha.
Ilikohoa mara moja, kwa mazoea tu,
halafu pangaboi zake zikashika mwendo,
na mwendo ukawa sawa, kama mtu anayesoma bila kutamka.
Desemba nikairudisha, waridi kwa waridi.
Bibi alirudisha kiganja, akangoja,
akarudisha na bilauri pia.
Chai ilitulia.
"Sasa inafuma," akasema.

Ndipo nilipoona kisahani:
skrubu moja imebaki, inang'aa, haina kwao.
Nikamwonyesha, nimekunja uso.
Akaichukua, akaitia mfukoni mwa aproni
pamoja na kipande cha sukari.
"Kila mtambo nilioufunga mimi ulibakiza moja," akasema,
"na nchi nzima ilivaa."